UZI: Moduli zilizothibitishwa ukiziunganisha, uigaji mzima unabaki halali?

Makutano (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni kwa wanaoiga mifumo ya mawakala wengi: foleni, magonjwa, masoko, malisho, chochote ambacho kila wakala ana kanuni zake na picha ya jumla inajitokeza wakikutana. Hoja yangu ni fupi. Moduli (kipande cha msimbo chenye kazi yake) iliyothibitishwa kwenye mradi mmoja haisafiri na uthibitisho wake. Ukiinakili unapata msimbo tu. Uhalali unautafuta upya huko unakoipeleka.

Tusiongee hewani, tushike mfano. Mchambuzi anataka kuiga barabara ya mjini yenye njia mbili kila upande na makutano manne ya taa, ikiwa na magari madogo, daladala na bodaboda. Swali lake: taa zikipangiwa muda mpya, safari itapungua kwa sekunde ngapi? Hataki kuandika kila kitu, kwa hiyo anachukua SUMO, programu ya kuiga barabara (ya DLR, kituo cha utafiti wa anga cha Ujerumani), kwa mwendo wa magari, moduli ya kuchagua usafiri iliyopimwa kwa dodoso la mji mwingine, moduli ya mabasi kusimama vituoni, na kidhibiti cha taa kilichowekwa wazi mtandaoni. Kila moja imefanyiwa kazi na watu wanaojua.

Kinadharia suala hili lilishajadiliwa. Petty na Weisel, walioandika kuhusu uunganishaji wa modeli mwanzoni mwa miaka ya 2000, walionyesha kwamba kuunganisha moduli halali hakukupi dhamana kwamba muunganiko ni halali. Na Zeigler tangu 1976 anasisitiza kuwa modeli inahukumiwa ndani ya fremu ya majaribio yake: swali gani, pembejeo za masafa gani, vipimo gani. Moduli ya kumfuata wa mbele inaweza kuwa sawa kabisa kwa barabara kuu ambako magari yanakwenda mita 25 kwa sekunde, halafu ikapotosha kwenye foleni inayosogea mita mbili mbili. Msimbo ni uleule, fremu imebadilika.

Karibuni na vitu vya vitendo: nini kinaharibika, kwa nini, na kinapimwaje.

mzee_wa_gridi

Mkuu Makutano, umeanza na moduli kubwa kubwa. Inayoumiza watu zaidi ni ndogo na wengi hawaihesabu kama moduli: ratiba, yaani nani anatenda kabla ya nani.

Mwaka 1992 Nowak na May walitoa modeli ya ushirikiano kwenye gridi. Kila seli ama inashirikiana ama inasaliti, na inacheza na majirani wanane pamoja na yenyewe. Washirika wawili wakikutana kila mmoja anapata 1, msaliti akimkuta mshirika anapata b, mengine yote ni 0. Kisha kila seli inaiga jirani aliyepata alama nyingi. Kwa b kati ya 1.8 na 2 pande mbili zinaishi pamoja, na sehemu ya washirika inatulia karibu na 0.318.

Mwaka uliofuata Huberman na Glance wakabadilisha kitu kimoja. Badala ya seli zote kugeuka kwa pamoja, zikawa zinageuka moja moja kwa zamu. Ushirikiano ukafa, gridi nzima ikawa ya wasaliti. Malipo hayakuguswa, wala kanuni ya kuiga. Nowak na wenzake wakajibu 1994 kwamba kwa thamani nyingine za b ushirikiano unadumu hata kwa zamu, na ni kweli. Ila jibu hilo halimwokoi mtu aliyechomoa kanuni hiyo na kuipachika kwenye ratiba nyingine kwa b ileile.

Halafu hata "kwa zamu" iko ya aina mbili. Ya kwanza: unachanganya orodha, kila wakala anatenda mara moja kwa raundi. Ya pili: unamchota wakala mmoja kwa bahati, unamrudisha kapuni, unachota tena, mara N. Kwa aina ya pili, kwenye raundi moja karibu asilimia 37 ya mawakala hawachotwi kabisa (ni 1/e), na wengine wanatenda mara mbili au tatu. Axtell, Axelrod, Epstein na Cohen walipolinganisha modeli ya utamaduni ya Axelrod na Sugarscape (modeli ya jamii ya Epstein na Axtell) mwaka 1996, tofauti hii ilikuwa miongoni mwa mambo waliyolazimika kuyashughulikia.

fundi_msimbo

Hapo mzee umenena. Naongezea upande wa vyombo.

NetLogo (programu ya kuiga mawakala): `ask turtles` inachanganya mpangilio upya kila inapoitwa. Mesa (maktaba ya Python ya kazi hiyohiyo) kuanzia toleo la 3: `self.agents.do("step")` inakwenda kwa mpangilio waliozaliwa, `self.agents.shuffle_do("step")` inachanganya. Ukitaka kwa pamoja unafanya `do("step")` ya kuandaa hali mpya bila kuionyesha, kisha `do("advance")` ya kuivaa. Mtu akihamisha modeli ya NetLogo kwenda Mesa akaandika `do` kwa sababu ni fupi, wakala wa kwanza kuundwa anakula kwanza kila siku. Kwenye modeli ya malisho au soko utaona tofauti kubwa ya utajiri, uanze kuitafutia nadharia, kumbe chanzo ni namba ya usajili.

Kipimo chake ni rahisi: mwisho wa mwigo chukua korelesheni kati ya namba ya wakala na utajiri wake. Rudia kwa mbegu 30 (namba za kuanzishia bahati nasibu). Ikikaa upande mmoja wa sifuri mbegu karibu zote, ratiba inavuja.

Jingine ni kingo. Dunia ya NetLogo kwa chaguo-msingi ni seli 33 kwa 33 na imeviringishwa: ukitoka kulia unaingia kushoto, kila seli ina majirani 8. Ukiipeleka moduli hiyo kwenye ramani halisi yenye kingo, seli ya pembeni ina majirani 5 na ya kwenye kona 3. Kwenye 33 kwa 33 seli za ukingoni ni 128 kati ya 1,089, karibu asilimia 12. Kama kanuni inasema "nahama majirani wa aina yangu wakiwa chini ya 3", wa kona anahama akikosa mmoja tu. Kama inasema "wakiwa chini ya theluthi", anahama kwa sababu tofauti. Ukishaweka kingo, kanuni mbili zilizokuwa zinafanana si moja tena.

Nasibu

Wadau, mmesahau kijenzi kinachotumiwa na kila mtu: mashine ya namba nasibu.

Moduli zote zikichota kwenye mkondo mmoja, ukiongeza bodaboda mmoja anayechota namba moja zaidi, kila kitu baada yake kinasogea. Madereva wengine wote wanapata bahati tofauti. Unadhani unapima athari ya taa mpya, kumbe umechanganya athari ya taa na kelele ya mchoto mpya. Mpe kila moduli mkondo wake. Kwenye NumPy (maktaba ya hesabu ya Python):

`mizizi = np.random.SeedSequence(42).spawn(4)`

kisha `np.random.default_rng(mizizi[0])` kwa mahitaji ya safari, `[1]` kwa tabia ya udereva, `[2]` kwa kuchagua usafiri, `[3]` kwa taa. Usitumie mbegu 1, 2, 3, 4 ulizojibunia kwa mikono, na kamwe usijumlishe mbegu na namba ya wakala ukadhani umemaliza.

SUMO ina mtego wake hapa. Mbegu yake ya chaguo-msingi ni 23423, haibadiliki. Ukiiendesha mara kumi bila `--seed` unapata jibu moja lililonakiliwa mara kumi, na mkengeuko wa sifuri. Wapo wanaoufurahia.

Na ukiona modeli ya Python inatoa majibu tofauti kwa mbegu ileile, angalia kama kuna mahali inazunguka juu ya `set`. Mpangilio wa seti ya maneno unategemea `PYTHONHASHSEED`, na wa seti ya vitu vya kawaida unategemea anwani zao kwenye kumbukumbu. Tumia orodha au `dict`. Kwenye Java ni hadithi hiyohiyo ya `HashSet`. Badilisha iwe `LinkedHashSet`.

Makutano

Asanteni. Nirudi kwenye SUMO, maana ndiko mfano wetu uliko, nionyeshe jinsi chaguo-msingi za moduli zinavyojibu swali kabla hujaliuliza.

Kwanza, kuhamishwa kwa gari. Gari likikwama sekunde 300 mfululizo, SUMO inalinyanyua na kulishusha mbele kwenye njia yake. Kwenye mtandao wenye foleni nyepesi hutaliona hilo likitokea. Kwenye foleni nzito ndilo linalofungua makutano yaliyofungana, na wastani wa safari unatoka mzuri. Zima kwa `--time-to-teleport -1`. Mtandao ukifungamana wote, hiyo ni taarifa: ama mahitaji ni makubwa mno, ama kuna makutano yameunganishwa vibaya. Usipozima, basi taja idadi ya waliohamishwa katika kila jedwali la matokeo. Kugongana nako kwa chaguo-msingi kunaishia kwenye kuhamishwa, kwa hiyo hesabu sababu zote mbili.

Pili, faili la safari. `tripinfo` inaandika waliofika tu. Taa mbaya zikiwaacha magari 400 barabarani mwigo unapoisha, hao hawamo kwenye wastani, na taa mbaya zinaonekana bora. Washa `--tripinfo-output.write-unfinished`, au endesha mpaka wote wafike. Vilevile `timeLoss` (muda uliopotea safarini) haihesabu muda ambao gari lilisubiri nje ya mtandao kwa kukosa nafasi ya kuingia. Huo uko kwenye `departDelay`. Jumlisha vyote viwili.

Tatu, hatua ya muda. Chaguo-msingi ni sekunde 1. Mtu anaishusha hadi 0.1 kwa sababu kidhibiti chake cha taa kinataka hivyo, na anaamini ameongeza usahihi tu. Lakini `sigma`, ile kelele ya udereva, inachotwa kila hatua. Sasa inachotwa mara kumi kwa sekunde, kelele zinafutana, na tabia ya mwendo inabadilika bila yeye kuigusa `sigma`. Dawa ni kuweka `sigmaStep="1"` kwenye aina ya gari. Na kumbuka `tau` (sekunde ambazo dereva anataka kuachana na wa mbele) isiwe ndogo kuliko hatua ya muda.

Mchoraramani

Mkuu, kwenye ramani nako usiseme.

Ukivuta OpenStreetMap (ramani huria ya mtandaoni) kwa `netconvert`, chombo cha SUMO cha kujenga mtandao wa barabara, kwa mji wa Tanzania, Kenya au Uganda, hakikisha `--lefthand` imewashwa. (Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia, huko usiiguse.) Bila hiyo mtandao unajengwa vizuri, magari yanakwenda, hakuna onyo lolote, ila kila anayekata kulia anakata bila kuvuka mkondo wa mbele. Kwa swali la muda wa taa hiyo imeshaua kazi yote.

Kasi: barabara isiyo na tegi ya `maxspeed` inapewa kasi kutoka kwenye jedwali la aina. Kwenye jedwali la kawaida barabara ya daraja la `primary` inapewa mita 27.78 kwa sekunde, yaani kilomita 100 kwa saa. Kikomo cha mjini kwetu ni 50. Liko jedwali la ziada la mijini, `osmNetconvertUrbanDe.typ.xml`, lakini hizo herufi mbili za De ni Ujerumani. Lifungue ulisome mstari kwa mstari kabla ya kulikubali. Njia za barabara hivyohivyo: hesabu kwa picha ya setilaiti, usiamini tegi.

Bodaboda ndiyo yenye utamu. Kwenye SUMO ya kawaida pikipiki inakaa kwenye foleni kama gari, nyuma ya daladala, imetulia kama mgeni sebuleni. Ili ipenye unawasha `--lateral-resolution`, mfano 0.4, inayogawa njia ya mita 3.2 kuwa vipande 8. Bado haitoshi. Gari la upana wa mita 1.8 likikaa katikati linaacha mita 0.7 kila upande, na pikipiki ina upana wa 0.9, juu yake kuna `minGapLat` (nafasi ya chini ya ubavuni) ya 0.6. Haipiti. Lazima uguse mpangilio wa magari ndani ya njia (`latAlignment`), ushushe `minGapLat` ya pikipiki, na upandishe `lcPushy` (ukali wa kujipenyeza). Namba hizo unazipata kwenye video ya makutano halisi, hazipatikani kwenye chaguo-msingi. Kaa juu ya jengo au daraja la waenda kwa miguu, rekodi saa moja ya msongamano, hesabu pikipiki ngapi zinafika mbele ya mstari wa taa kabla ya kijani. Kipimo hicho kimoja kinatosha kukataa modeli isiyopenyeza.

Daladala: moduli ya vituo iliyoandikwa kwa basi la ratiba ina `until`, basi linasubiri mpaka saa fulani. Daladala au matatu inasubiri abiria. Hivyo muda wa kusimama unategemea idadi ya watu kituoni na kama kuna mwenzake nyuma anayemnyemelea. Pia angalia `parking`. Ikiwa `true` basi linatoka kabisa barabarani. Ikiwa `false` linaziba njia. Maisha ya kituo cha mjini yako katikati ya hizo mbili.

Kasiba

Wakuu, nimefuatilia. Kwa hiyo ushauri ni kila mtu aandike vyake upya? Maana mkiendelea hivi hakuna kitakachobaki cha kutumia tena.

mzee_wa_gridi

Ndugu Kasiba, mimi ndivyo ninavyosema kwa kanuni za wakala, ndiyo. Kanuni ya tabia ya mistari mia mbili iandike upya kutoka kwenye maelezo, kisha uilinganishe na ya mwenyewe. Kutolingana ndiko kunakokufundisha.

Mfano: Riolo, Cohen na Axelrod walichapisha 2001 modeli ya ushirikiano kwa alama. Mawakala 100, kila mmoja ana alama kati ya 0 na 1 na kiwango cha uvumilivu T. Anampa mwenzake msaada ikiwa tofauti ya alama zao haizidi T. Kutoa kunamgharimu 0.1, kupokea kunampa mwenzake 1. Kwa makutano matatu kwa kila wakala, misaada ilizidi asilimia 70. Edmonds na Hales wakaiandika upya, wakachapisha 2003. Matokeo yalikuwa yamening'inia kwenye ishara moja. Ukibadilisha "ndogo au sawa na" kuwa "ndogo kuliko", ushirikiano unatoweka. Kwa "ndogo au sawa", mawakala wenye alama moja wanalazimika kusaidiana hata T ikiwa sifuri, na watoto wengi wanarithi alama ya mzazi bila kubadilika, kwa hiyo koo za mapacha zinajaa. Mtu aliyenakili msimbo asingeliona hilo hata kwa miaka kumi.

Na ukiandika upya tazama desimali. 0.1 haiandikiki kikamilifu kwa namba za msingi wa mbili. Ukijumlisha 0.1 mara tatu kompyuta inakupa 0.30000000000000004, na sharti la "isizidi 0.3" linashindwa. Wakala anafilisika kwa tofauti isiyokuwepo. Weka fedha kwa senti, namba kamili, na mjadala unaisha.

Makutano

Mzee, kwa heshima zote, hapo sikubaliani kwa jumla. Kuandika upya injini ya barabara yenye makutano, taa na vipaumbele ni kazi ya miaka, na utaleta makosa mapya ambayo wenzako walishayasahihisha. Mstari wa kugawia ni huu: tumia tena miundombinu (mtandao wa barabara, namba nasibu, usomaji wa data, takwimu), andika upya au pima upya kila kinachobeba dai la tabia. Kinachokusumbua kwenye SUMO si injini. Ni namba sita au saba za dereva zilizofungashwa nayo.

Na hizo zina majaribio madogo unayoweza kufanya asubuhi moja. Mfano duara la Sugiyama na wenzake, 2008: magari 22 kwenye duara la mita 230, madereva wakitakiwa kwenda kilomita 30 kwa saa, na mawimbi ya simama-nenda yakajitokeza yenyewe. Jenga duara hilo. Kwa chaguo-msingi gari lina urefu wa mita 5 na nafasi ya chini 2.5, kwa hiyo 22 × 7.5 = 165. Zinabaki mita 65, sawa na 2.95 kwa kila gari. Kwa `tau` ya sekunde 1 mwendo tulivu unakuwa mita 2.95 kwa sekunde, takriban kilomita 10.6 kwa saa. Hiyo 30 haifikiki hata kabla ya wimbi kuanza. Kuifikia kwa nafasi hizohizo unahitaji `tau` ya karibu 0.35, na hapo hatua ya sekunde 1 imeshakatazwa. Yaani jaribio moja limekuonyesha kuwa nafasi, `tau` na hatua ya muda zinakwenda pamoja, huwezi kuchukua moja kutoka mradi wa jirani ukaacha nyingine.

mzee_wa_gridi

Hilo nakubali. Mgawanyo wako ni mzuri, ingawa ratiba ya mawakala ningeiweka upande wa tabia, si wa miundombinu.

Makutano

Nakubali. Iende huko.

Bi Takwimu

Nimekuwa nasoma kimya. Naomba niingize namba, kwa sababu "tumelinganisha, zinafanana" si kipimo.

Axtell na wenzake waliotajwa juu waliacha ngazi tatu za kulinganisha. Ya juu kabisa: namba zinalingana tarakimu kwa tarakimu; inawezekana tu mkishirikiana mkondo wa nasibu na mpangilio wa matukio. Ya kati: mitawanyo inalingana. Ya chini: mahusiano yanalingana, mfano "mahitaji yakipanda, foleni inakua kwa kasi inayoongezeka". Sema mapema unadai ngazi ipi. Kwa moduli iliyohamishwa chombo, dai la kati ndilo lenye maana.

Sasa kosa la kawaida: mtu anafanya Kolmogorov-Smirnov (jaribio la kulinganisha mitawanyo miwili) kwa mara 10 kila upande, p inatoka 0.4, anaandika "hakuna tofauti". Kwa mara 10 karibu hakuna kinachokataliwa. Fanya kinyume chake: weka kabla ya kuanza tofauti unayoweza kuvumilia, tuseme sekunde 10 kwa safari, kisha uonyeshe kuwa masafa ya asilimia 90 ya tofauti ya wastani yako yote ndani ya −10 na +10. Yakitoka nje hata kidogo, hujathibitisha.

Mara ngapi? Endesha 20 za majaribio, pata mkengeuko sanifu. Ukiwa sekunde 40 na unataka wastani mmoja kwa uhakika wa ±10 (asilimia 95): (1.96 × 40 / 10)² = 61.5, yaani 62. Kwa tofauti kati ya taa za zamani na mpya zikiendeshwa bila uhusiano, mkengeuko wa tofauti ni 56.6, unahitaji 123 kila upande. Lakini ukitumia mikondo ya Nasibu, mahitaji na madereva walewale pande zote mbili, na korelesheni ikafika 0.8, mkengeuko wa tofauti unashuka hadi 25.3 na jozi 25 zinatosha. Hiyo ndiyo faida ya mikondo tofauti, zaidi ya usafi wa msimbo. Na usisahau kutupa muda wa kujaza mtandao mwanzoni. Chora wastani wa mbegu zote kwa dakika na ukate pale mstari unapotulia.

La mwisho ni GEH, kipimo cha ukaribu wa modeli na hesabu za barabarani ambacho wahandisi wa barabara wanakipenda: kipeuo cha 2(M−C)²/(M+C), M ya modeli, C ya hesabu ya barabarani, na inatakiwa chini ya 5 kwa asilimia 85 ya vipande vya barabara. Mtego: inafanya kazi kwa magari kwa saa. Hesabu 900 na modeli 1,050 zinatoa 4.80, zimepita, ingawa modeli imezidisha kwa karibu asilimia 17. Ukiingiza hesabu za dakika 15 bila kuzidisha kwa nne, 225 dhidi ya 262.5, unapata 2.40. Kosa lilelile, alama nusu. Na mtiririko wenyewe haukwambii foleni: magari 900 kwa saa yanaweza kupita barabara ikiwa wazi au ikiwa imeziba. Pima na urefu wa foleni au muda wa safari, kwenye makutano ambayo hukuyatumia kurekebisha namba.

Kasiba

Bi Takwimu asante sana, hiyo ya dakika 15 wengi hatuijui. Swali: moduli ya kuchagua usafiri inaunganishwaje na hii ya mwendo? Makutano hukuigusa.

Makutano

Hapo ndipo kuna kuhesabu mara mbili. Moduli nyingi za kuchagua usafiri zinakuja na makadirio yao ya muda wa barabarani, mara nyingi kanuni ya BPR: t = t₀(1 + 0.15(v/c)⁴), t₀ ikiwa muda wa barabara tupu, v wingi wa magari, c uwezo wa barabara. Kanuni hiyo tayari ina ucheleweshaji wa msongamano. Ukiipa muda kutoka SUMO, ambao nao una msongamano, kisha ikaupitisha kwenye BPR, abiria anaadhibiwa mara mbili na wote wanakimbilia bodaboda. Zima moja. Kipimo: tengeneza barabara tupu kwenye SUMO, soma muda ambao moduli ya kuchagua inaamini; lazima ziwe sawa. Kisha ijaze nusu, soma tena.

La pili ni gumu zaidi. Vigezo vya moduli hiyo vilirekebishwa ili mji ule utoe asilimia sahihi za watumiaji wa kila usafiri. Ndani ya "upendeleo wa basi" kuna makosa ya moduli nyingine za mradi ule: vituo vilivyokosekana, nauli iliyokadiriwa vibaya. Kigezo kilimeza makosa ya jirani zake. Ukikihamisha, umehamisha fidia ya kosa ambalo kwako halipo. Kwa hiyo viwango vya kudumu (huo upendeleo wa kila usafiri) virekebishwe upya kwa data ya hapa. Uwiano wa thamani ya muda na nauli unaweza kuanza nao kama dhana, uupime kwa kuubadilisha juu na chini na kuangalia kama jibu la taa linageuka.

Kila moduli ninayoipokea naitaka na faili moja la maandishi, ukurasa mmoja au miwili: vipimo vya kila pembejeo (sekunde au dakika, mita au kilomita), hatua ya muda, ratiba, masafa ambayo ilipimwa, hali gani inaimiliki na nani mwingine anaruhusiwa kuibadilisha, mkondo wake wa nasibu, data iliyorekebishia, na chaguo-msingi zote zenye thamani. Muundo wa ODD (utaratibu wa kueleza modeli kwa maandishi) wa Grimm na wenzake (2006, ukaboreshwa 2010 na 2020) unakupa vichwa vya kutosha, ila ongeza masafa na umiliki, ambavyo hauviwekei kichwa chake. Kwenye msimbo, masafa yawe sharti linalopiga kelele: kasi ikitoka nje ya kilichopimwa, andika onyo na uhesabu mara ngapi.

fundi_msimbo

Kwenye umiliki nasisitiza. Kidhibiti cha taa kupitia TraCI (kiunganishi cha kuiamuru SUMO mwigo ukiendelea) kinasoma vitambuzi baada ya `simulationStep()`, kwa hiyo amri yake inafanya kazi hatua inayofuata. Kwa hatua ya sekunde 1 ni sekunde moja ya kuchelewa, kwa 0.1 ni sehemu ya kumi. Ukibadilisha hatua umebadilisha kidhibiti.

Kasiba

Na toleo la SUMO likipandishwa katikati ya mradi?

Nasibu

Funga toleo, liandike kwenye matokeo pamoja na mbegu na amri nzima. Ukilazimika kupanda, endesha mbegu zilezile 30 kwa toleo la zamani na jipya kwa hali moja ya kawaida na moja ya msongamano, ulinganishe kwa njia ya Bi Takwimu. Usitegemee tarakimu kulingana. Mpangilio wa kuchota nasibu unaweza kuwa umebadilika bila tabia kubadilika. Hali ya msongamano usiiache, maana kwenye barabara nyepesi matoleo karibu yote yanafanana.